Asali ya mama, ml 100, na skana ya transiti

Jamani leo tuongee kuhusu vimiminika kwenye begi la mkononi, maana naona wazee wetu wanaumizwa na hii kitu na wala sio kwa ukaidi, ni kwamba hakuna aliyekaa nao akawaelekeza. Mtoto aliyeko nje anatuma tiketi, anahangaikia viza, anauliza koti la baridi limepatikana au bado, ila lile dumu dogo la asali ya Tabora ambalo mama ameliagizia mwezi mzima na kulizungushia kitenge hasemi neno, mpaka mama anafika kwenye skana uwanja wa watu, lugha haelewi, foleni nyuma yake inasukumana, na kijana mwenye glavu anainyanyua asali anaonyesha pipa.

Mimi ndo mfungaji mabegi wa ukoo wetu, mashangazi, mama wadogo, majirani, watu wa umra, wote wakisafiri naitwa, na nikikwambia sehemu inayowaliza wengi sio pale Dar wala Zanzibar wala Nairobi. Ni katikati, kwenye transiti, yaani kuunganisha ndege. Mtu anaondoka hapa kapita ukaguzi salama, labda chupa yake haikuonekana, labda mkaguzi aliiangalia akamwachia, au amenunua maji mule ndani baada ya ukaguzi, basi anajua yameisha hayo. Anatua Doha, au Addis Ababa, Dubai, Istanbul, anafata mishale ya wanaounganisha, anakuta skana nyingine na trei nyingine na watu wengine ambao hawajui wala hawajali kwamba Dar walimruhusu. Pale kila kitu kinaanza upya. Shangazi yangu alinyang'anywa asali na chupa ya mafuta ya nazi kwenye uwanja mmoja wa kuunganisha, vyote vilikuwa vimepita alikotoka, na akaniambia kilichomuuma sio bei, ni kwamba alidhani wamemwona mwizi. Hakuna aliyemwambia kwamba ni kipimo tu cha chupa. Hilo ndo linaniuma mimi mpaka leo.

Kwa hiyo ukichukua kitu kimoja tu hapa chukua hiki: sheria inayokuhusu ni ya skana uliyosimama mbele yake muda huo. Sio ya nchi unayotoka, sio ya nchi unayoenda, sio ya shirika la ndege. Ukipita skana mbili umekutana na sheria mbili, hata kama kwenye karatasi zinafanana.

Na sheria yenyewe kwa sehemu kubwa ya dunia ni hii, chupa au kopo lolote lisizidi ml 100, na hizo chupa zote ziingie kwenye kifuko kimoja kinachoonyesha, chenye zipu, kisichozidi lita 1, Ulaya wanakikadiria kama sentimita 20 kwa 20, na kila mtu kifuko chake kimoja. Wamarekani wao wanaandika aunsi 3.4, ni ile ile. Ukisikia lita moja unaweza kupiga hesabu ya chupa kumi za ml 100, lakini jaribu kuzipanga uone, kifuko hakifungi, na kinatakiwa kifunge. Sita saba hivi ndo zinakaa vizuri.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaponzeka: kinachopimwa ni chupa, sio kilichobaki ndani. Angalia mkono wa mkaguzi siku ukiwa pale, hatikisi chupa kusikia imebaki kiasi gani, anaigeuza nyuma, kidole kinashuka kwenye lebo mpaka chini pale karibu na mistari ya bei, anatafuta namba yenye ml. Akikuta 200 imeenda, hata kama losheni imebaki ya kupaka mkono mmoja. Chupa ya maji ya nusu lita uliyoiwekea mafuta vidole viwili, imeenda. Na chupa isiyo na lebo kabisa, hizi zetu za kumiminia, hapo unategemea jicho lake, akiona kubwa ni kubwa, huna cha kumwonyesha. Ndo maana nawaambia watu wanunue vile vichupa vya kusafiria vilivyoandikwa 100 ml kwenye kitako, Kariakoo vipo, bei ndogo tu, unamiminia pafyumu yako na mafuta ya nywele, namba inaonekana, mjadala hakuna.

Chupa tupu inapita. Hili wengi hawalijui, unaona mtu anatupa chupa nzuri ya maji ya kubebea wakati alitakiwa kumwaga maji tu, apite nayo tupu, ajaze upande wa pili.

Watu wananiuliza kwani mililita mia ina nini. Haikutoka hewani. Mwaka 1987 ndege ya Korean Air namba 858 iliyotoka Baghdad ikapitia Abu Dhabi ililipuliwa angani, wakafa watu 115, na sehemu ya mlipuko ilikuwa kimiminika kwenye chupa ya pombe, waliouweka walishuka Abu Dhabi wakauacha juu kwenye sehemu ya mabegi. Desemba 1994 ndege ya Philippine Airlines ya kwenda Tokyo ikalipukiwa ndani, abiria mmoja Mjapani akafa, na kimiminika kile kilipitishwa kwenye kichupa cha dawa ya kuoshea lenzi za macho. Ila dunia haikubadilika mpaka 10 Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipowakamata watu waliokuwa wanapanga kulipua ndege kadhaa za kutoka London kwenda Marekani na Kanada kwa vimiminika vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji baridi. Siku ile Uingereza begi la mkononi lilipigwa marufuku kabisa, watu walipanda ndege na pasi na pochi ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, na kina mama wenye watoto wachanga waliambiwa waonje maziwa mbele ya wakaguzi. Baadaye wakalegeza, Marekani 26 Septemba mwaka huo huo, Ulaya 6 Novemba, ndo ikaja ml 100 na kifuko, na baada ya hapo shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, ICAO, likazishauri nchi zote zifanye hivyo hivyo. Wazo lao ni kwamba iwe vigumu kukusanya kimiminika cha kutosha kufanya madhara, na mkaguzi aone kwa haraka kila alichobeba mtu. Nawaeleza wazee historia hii makusudi. Mama akijua kuna watu walikufa kwa chupa, hanung'uniki tena, na hajioni kadhalilishwa.

Tena kuna hii habari ya mashine mpya imewachanganya watu sana. Skana za zamani zinatoa picha bapa, maji na kitu kingine cha majimaji vinaonekana karibu sawa. Mpya ni kama zile za CT za hospitali, zinazungusha picha, zinakadiria uzito wa kitu ndani ya chupa ukilinganisha na ukubwa wake, kwa hiyo huhitaji hata kutoa laptop, na uwanja wenye hizi unaweza kuruhusiwa kuachana na ml 100. Uingereza walitaka viwanja vikubwa viwe vimezifunga ifikapo Juni 2024, wengine wakachelewa, halafu mwezi huo huo viwanja vidogo kadhaa vilivyokuwa vimeshaondoa ml 100 vikaambiwa viirudishe. Umoja wa Ulaya nao ukairudisha kuanzia 1 Septemba 2024 hata kwenye mashine mpya. Julai 2025 Edinburgh na Birmingham wakaruhusu tena chupa za mpaka lita 2. Yaani ruhusa inakuja inaondoka, uwanja huu wameruhusu, uwanja ule bado.

Sasa angalia inavyofika kwetu. Kijana anaishi Edinburgh, anampigia mama yake Tanga, "mama siku hizi hamna shida, unabeba mpaka lita mbili", na anasema kweli, ila ni kweli ya kutokea Edinburgh. Mama anatokea Dar, anapita transiti, hakuna hata skana moja ya Edinburgh atakayoikuta wakati wa kwenda, ataikuta wakati wa kurudi! Na hata kurudi, akitoka Edinburgh na lita yake ya juisi akaunganishia ndege sehemu ambayo bado wana ml 100, wanaichukua kule. Vijana mlioko huko naomba mlielewe hili kabla hamjawapa wazee maelekezo, mnawashauri kwa upendo kabisa lakini mnawashauri kuhusu uwanja ambao hawapiti.

Vitu gani vinahesabika? Kila kinachomwagika, kinachopakwa, kinachopulizwa, na kinachochotwa kwa kijiko kikaacha uteute. Asali bila shaka. Samli, achari, chachandu, tui, siagi ya karanga, mafuta ya nazi hata yakiwa yameganda kwa baridi, mafuta ya mkarafuu, udi wa mafuta, dawa ya meno, jeli ya nywele, deodoranti ya kupuliza, maskara. Na halwa, watu wa Zanzibar na Muscat mnisikilize, halwa ukiibonyeza inarudi, ina mafuta juu, inang'aa, mkaguzi ambaye hajawahi kuiona maishani anaona jeli nzito kwenye kopo la kilo na kwenye picha ya mashine ni bonge moja la giza lisiloeleweka. Kuna mtu atapita nayo, yupo wa pili atanyang'anywa, na huwezi kubishana naye ukamfundisha halwa ni nini watu mia wakiwa nyuma yako. Halwa iende chini, kwenye begi kubwa unalokabidhi. Mkononi beba visheti, kashata, korosho, ubuyu, hivyo havina ugomvi na mtu.

Kufunga asali ya kwenda chini kuna namna yake. Usijaze mpaka mdomoni, acha nafasi ya vidole viwili kwa sababu hewa huko juu inabadilika na kifuniko kinasukumwa. Weka kipande cha nailoni mdomoni kabla hujafunga kifuniko, kaza, zungusha selotepu pale kwenye shingo mara kadhaa, kisha mfuko wa kwanza ufungwe, mfuko wa pili ufungwe upande wa pili, ndo uviringishe kwenye taulo na uiweke katikati ya begi, sio pembeni, maana pembeni ndo panapogonga begi likirushwa. Dumu la plastiki nene ni zuri kuliko chupa ya kioo. Nimeona begi lililomwagikiwa asali, nguo zote, zawadi zote, na wadudu wa sukari juu yake, ni kilio.

Ila kuweka chini hakumalizi kila kitu, na hapa watu wanachanganya mageti mawili. Skana ni usalama wa ndege. Ukishatua kuna forodha, na forodha wana yao. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hawataki nyama wala maziwa kutoka nchi zetu, kwa hiyo samli, siagi, jibini, na ndugu zangu wa Bonde la Ufa hata mursik, yale maziwa ya mgando, zitachukuliwa kule hata kama zimesafiri vizuri chini. Asali Ulaya wanaruhusu mpaka kilo 2 kwa mtu. Kwa hiyo mama akiniambia ana samli ya Uingereza namwambia ukweli mapema, hiyo mwachie jirani, tuongeze asali.

Dawa nazo. Hapa nakuwa mkali kidogo, maana nimeona watu wanaogopa sheria ya ml 100 mpaka wanaweka insulini kwenye begi la chini. Usifanye hivyo jamani. Baridi ya kule chini inaweza kuigandisha na insulini iliyoganda haifai tena, na pia begi likipotea mgonjwa anafika hana dawa. Dawa zinaruhusiwa mkononi hata zikizidi ml 100, kwa kiasi kinachohitajika safarini, iwe sirapu, matone, insulini na sindano zake. Ziwe kwenye boksi lake la duka la dawa lenye jina la mgonjwa, na barua ya daktari kwa Kiingereza, jina lifanane na la kwenye pasi. Na sema mwenyewe kabla begi halijaingia kwenye mashine, ziweke kwenye trei peke yake, usisubiri waigundue. Maziwa ya mtoto, maji ya kuchemsha ya kukorogea, uji laini wa kopo, vyote vina ruhusa hiyo hiyo mtoto akiwa anasafiri nawe, wanaweza kuvipima kwa mashine ndogo au kukuomba ufungue, usishtuke.

Watu wa hija na umra, Zamzam haipandi nanyi kabini. Ukitoka Jeddah kuna lile dumu la lita 5 ndani ya boksi lake, linakabidhiwa na kwenda chini kivyake, usilichomeke kwenye sanduku la nguo, wanalitoa. Na ulizia shirika lako kabla, kama wanalibeba mpaka mwisho wa safari au mpaka wanapounganisha tu, maana sio wote sawa.

Wanaoenda Marekani mna lenu la ziada, unga. Toka 30 Juni 2018 vitu vya ungaunga vinavyozidi ml 350 kwenye begi la mkononi vinaweza kukaguliwa kivyake, na wakishindwa kuvithibitisha haviingii ndani ya ndege. Unga wa lishe, hina, kahawa ya kusaga, pilau masala ya mfuko mkubwa, vyote hivi viende chini. Maziwa ya unga ya mtoto hayamo kwenye katazo hilo.

Diutifrii je, yale maduka ya uwanjani yasiyo na ushuru? Pafyumu ya zawadi ukiinunua uwanjani wanaiweka kwenye mfuko maalumu unaofungwa kwa gundi na risiti inaonekana ndani. Usiufungue. Najua mtu anataka kunusa kidogo tu, usiufungue mpaka umalize skana ya mwisho, ukishafunguliwa hiyo ni chupa ya kawaida na ikizidi ml 100 inachukuliwa. Ukinunua mwambie muuzaji wazi kwamba unaunganisha ndege, mwonyeshe na bodingi pasi ya pili, maana wengine wanakuwekea mfuko wa kawaida tu. Kwa wanaoingia Marekani na kuunganisha ndege ya ndani kuna nafuu, pale kwenye uwanja wa kwanza unaoingilia unachukua begi lako la chini upite nalo forodha, basi kabla hujalirudisha ingiza pafyumu humo, skana inayofata hutakuwa na cha kujieleza.

Na vile vifuko vyenyewe, kuna watu waliogopa baada ya Tanzania kupiga marufuku mifuko ya plastiki 1 Juni 2019 wakadhani hata kifuko cha zipu ni kosa. Serikali ilisema wazi wakati ule kwamba vifuko vya zipu vya ukaguzi wa uwanja wa ndege vinaruhusiwa, kwa sharti msafiri abaki navyo asivitupe nchini. Kwa hiyo njoo nacho, ondoka nacho, kitumie tena na tena, mimi nina vya tangu zamani nawagawia wanaosafiri.

Kwa mzee anayesafiri peke yake kuna kingine nafanya. Namwandikia karatasi ndogo ya Kiingereza, na kama anapita Istanbul naongeza Kituruki, herufi kubwa, nakunja naweka ndani ya pasi: ninaongea Kiswahili, nina kisukari, hii ni dawa yangu, barua ya daktari iko kwenye mfuko wa mbele wa mkoba. Namfundisha atoe karatasi kwanza halafu ndo aweke mkoba kwenye trei. Alafu usiku mmoja kabla ya safari piga simu ya video, mwambie afungue begi la mkononi mbele ya kamera, atoe kila kitu kimoja kimoja akutajie, na usikubali jibu la "hamna kitu humo mwanangu", maana kwenye kile kimfuko cha pembeni ambacho hajafungua ndo kuna achari.